Rutuba Inayobebwa Kichwani

Semina za mboji si jambo geni Usambara. Mradi wa SECAP, uliofanya kazi Lushoto kwa msaada wa Wajerumani kuanzia mwaka 1981 hadi 2000, ulihimiza makinga maji, majani ya gwatemala kwenye kingo za mashamba, upandaji miti na ufugaji wa ng'ombe bandani. Baada yake wamekuja watafiti, asasi na mabwana shamba, kila mmoja na bango lake. Leo ukimuuliza mkulima wa Soni, Mlalo au Bumbuli mboji inatengenezwaje, atakutajia matabaka yote bila kukosea: mabua chini, majani mabichi, samadi, majivu, udongo kidogo, maji, halafu unaanza upya. Sasa mwombe akupeleke nyuma ya nyumba ukaone tuta la mchicha. Mara nyingi utakuta udongo mwekundu uliopauka, mchicha wenye majani ya njano chini, na pembeni lundo dogo ambalo kuku wamelichakura mpaka limelala.

Kwa hiyo shida haiko kwenye elimu ya matabaka. Iko kwenye jambo ambalo semina nyingi hulipita juujuu: mboji haiumbi rutuba, inaihamisha tu. Kila debe la mboji lililoko bustanini limetoka mahali fulani, iwe kando ya barabara, kwenye ukingo wa shamba, zizini, jikoni au sokoni. Na kila mahali hapo pana mwenyewe, au pana kazi nyingine iliyokuwa ikiyasubiri majani hayohayo. Anayetaka bustani ya kulisha nyumba yake hana budi kujiuliza, kabla hajashika jembe, rutuba hiyo ataitoa wapi na ataitua wapi. Akishajibu hayo, mengine ni ufundi, na ufundi huo haumshindi Msambaa.

Tuanze na majani. Milima ya Usambara ya Magharibi ina watu wengi na mashamba madogo, na jani halidondoki bure. Mabua ya mahindi yanagombaniwa na ng'ombe, jiko na shamba. Majani ya gwatemala, yaliyopandwa kuzuia udongo, hukatwa kila siku na kupelekwa bandani. Ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji majani mabichi kama kilo 30 hadi 40 kwa siku. Mtu akikuambia ukusanye majani mabichi ujaze shimo la mboji, anakuambia uchukue chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ndiye ada ya shule. Ndiyo maana lundo linabaki dogo. Mkulima huyo si mvivu, ameshapiga hesabu.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Ng'ombe hali rutuba akaimaliza. Sehemu kubwa ya naitrojeni anayokula, mara nyingi robo tatu au zaidi, hutoka tena kwa nyuma, na karibu nusu ya hiyo hutoka kwenye mkojo. Basi ng'ombe si mshindani wa mboji, ila banda lake linaweza kuwa mwizi. Nenda kwenye banda lolote lenye sakafu ya udongo mlimani uangalie mkojo unakoelekea: unapita katikati ya vigingi, unachora mfereji mweusi, unashuka mpaka njiani, na pale unapokauka majani ya pembeni yanakuwa ya kijani kuliko mboga zote za mwenye banda. Samadi ngumu inazolewa na kutupwa juani, na harufu kali inayochoma pua ni naitrojeni ile ile ikienda zake hewani.

Ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu kwenye ufugaji wa bandani wa Usambara, ningeanza na sakafu. Ishindiliwe vizuri au iwekwe saruji, iwe na mwinamo kidogo kuelekea upande mmoja, na upande huo liwepo lundo la mboji lenyewe. Chini ya ng'ombe yamwagwe maranda ya mbao. Mashine za mbao ziko, misonobari ya Shume inapasuliwa kila uchao, na maranda hurundikana hadi kuwa kero. Ukiyatia maranda makavu moja kwa moja kwenye mboji utaiua, kwa sababu kaboni yake ni nyingi mno na vijidudu vitakula naitrojeni yote kwa muda mrefu vikihangaika nayo. Ukiyatandika kwanza chini ya ng'ombe yanywe mkojo kwa wiki moja au mbili, yanakuja kwenye lundo yakiwa yameshiba. Kitu kile kile kilichokuwa sumu kinageuka mtaji.

Sasa swali la pili, la kuitua rutuba. Niliwahi kumuuliza mama mmoja mtu mzima, upande wa Mlalo, kwa nini samadi yake yote inaishia kwenye migomba ya nyumbani wakati mahindi yake yanadhoofu.

"Mwanangu," akasema, "mgomba uko mlangoni. Mahindi yako kule chini nyika. Wewe utanibebea?"

Jibu lile lina agronomia kuliko vitabu vingi. Wasambaa wa zamani walijenga vijiji vyao juu ya vilima, migomba ikizunguka nyumba, na kila kilichotoka jikoni na zizini kiliishia miguuni mwa migomba hiyo. Wachaga walifanya vivyo hivyo kwenye vihamba vya Kilimanjaro. Rutuba ilifuata miguu ya watu, hasa ya wanawake, na miguu hiyo haipandi na kushuka mlima ikiwa na samadi kichwani bila sababu ya maana. Wakara wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, waliosifika kwa kulima kipande kidogo mwaka baada ya mwaka kwa nguvu ya samadi, waliweza kwa sababu kisiwa chenyewe ni kidogo.

Tupige hesabu kidogo. Kiwango cha kawaida cha mboji kwenye bustani ya mboga ni kilo 3 hadi 5 kwa mita moja ya mraba. Tuchukue 4. Lundo la mita moja kila upande, likiiva, hutoa mboji ya kilo 200 hadi 250, kwa kuwa zaidi ya nusu ya ujazo wake hupotea kama hewa na mvuke. Lundo hilo linatosha matuta matano ya mita 10 za mraba kila moja. Eka moja ina mita za mraba 4,047. Ukitaka kuitia eka nzima kiwango hicho hicho, unahitaji mboji zaidi ya tani 16, yaani malundo yasiyopungua 60. Debe moja la mboji yenye unyevu lina uzito wa kilo 12 hivi, kwa hiyo ni madebe zaidi ya 1,300. Yabebwe na nani, kwenye njia ya mlima, wakati mvua za vuli zimeshaanza na mahindi yanataka kupandwa?

Kwa hiyo ushauri wa kusambaza mboji shambani, unaotolewa kwa nia njema, kwa mkulima wa mlimani ni sawa na kumwambia asiwe na mboji popote. Akiitawanya kwenye nusu eka, kila shina linapata punje. Mahindi hayatarefuka hata kwa kidole, naye atahitimisha kwamba mboji haina kitu. Akiikusanya kwenye matuta matano nyuma ya jiko, atakula mboga karibu mwaka mzima. Shamba la mbali nalo lisiachwe yatima, ila lipewe rutuba isiyobebwa: kunde na maharage kwenye mzunguko, miti ya mshai kingoni, mabaki yaachwe palepale yalipokatwa. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao. Hupanga majani yaliyofyekwa katika miraba, wanayafunika kwa udongo uliotoka kwenye mashimo ya katikati, na kupanda maharage juu yake. Mboji inaivia chini ya mazao na hakuna aliyejitwika debe.

Hapo ndipo mtu atasema: sawa, nimekubali, matuta matano, kilo 4 kwa mita, nimemaliza. Bado. Udongo wa miteremko ya Usambara, ule mwekundu wenye mfinyanzi, una tindikali, na ndani yake chuma na aluminiamu vinashika fosforasi visiiachie. Mimea inayoota kwenye udongo wenye fosforasi kidogo nayo ina fosforasi kidogo, na mboji ya mimea hiyo haiwezi kuwa na kile ambacho mimea haikupata. Unaweza kutia mboji miaka kumi ukawa unazungusha upungufu ule ule. Dalili zake wengi wanazijua bila kujua zinatokana na nini: miche ya kabichi inayodumaa na kugeuka zambarau upande wa chini wa majani, maharage yanayotoa maua machache, karoti nyembamba.

Suala hili lilifanyiwa kazi hapa hapa. Wakulima wa kijiji cha Kwalei walikuwa na mti mdogo wanaouita tughutu, jamii ya Vernonia, ambao walisema ukiota mahali basi udongo wa hapo ni mzuri, na majani yake yakizikwa yanaoza upesi. Watafiti wa kituo cha utafiti cha Mlingano, J. M. Wickama na J. G. Mowo, waliufuatilia ushuhuda huo na mwaka 2001 wakachapisha kazi yao juu ya rasilimali za wenyeji katika kurutubisha udongo. Walijaribu majani ya tughutu pamoja na mbolea ya fosfeti ya Minjingu kwenye maharage. Minjingu inachimbwa karibu na Ziwa Manyara na asili yake ni mabaki ya ndege wa ziwani wa kale. Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba haiyeyuki kirahisi kwenye udongo usio na tindikali, lakini kwenye udongo wenye tindikali kama wetu inayeyuka polepole na kulisha mimea kwa misimu kadhaa. Kile kinachoonekana ni kasoro ya udongo wa Usambara ndicho kinachoifungua mbolea hiyo.

Kwa bustani ya nyumbani huhitaji mfuko mzima kila mwaka. Nyunyiza kilo mbili tatu za Minjingu kwenye lundo la mita moja wakati unalipanga. Tindikali zinazotokea majani yanapooza zitaanza kuifanyia kazi kabla haijafika ardhini. Najua wapo wanaoamini kwamba bustani ya mboji isiguswe na kitu cha dukani. Mimi sioni dini yoyote hapo. Minjingu ni mwamba wa Tanzania uliosagwa, na bila fosforasi mboji yako inafanya kazi kwa mguu mmoja. Asiyeipata atumie mifupa iliyochomwa na kupondwa, ingawa mifupa ya nyumba moja haifiki mbali.

Majivu ni habari nyingine, na hapa nitapingana na bango la semina. Matabaka tunayofundishwa huweka majivu juu ya samadi mbichi. Majivu ni mazuri, yana potasiamu na yanapunguza tindikali, lakini yakikutana na samadi mbichi na mkojo yanaifukuza naitrojeni ipande hewani. Afadhali kuyaweka makavu kwenye debe lenye kifuniko, uyanyunyize kwenye tuta lenyewe, konzi moja kwa mita ya mraba, wiki mbili kabla ya kupanda. Migomba pia huyapenda.

Sasa naitrojeni, ambayo ndiyo rangi ya kijani ya mboga yenyewe. Chukua tuta la mita 10 za mraba lenye kabichi 40 za kilo moja moja. Kabichi hizo zitahitaji gramu 120 hadi 160 za naitrojeni. Tuta lilipewa mboji kilo 40. Mboji nzuri yenye unyevu ina gramu kama 6 za naitrojeni kwa kilo, kwa hiyo ndani yake zimo gramu 240. Kwa macho inatosha na kubaki. Lakini mboji iliyoiva huachia sehemu ya kumi hadi ya tano tu katika msimu wa kwanza, yaani gramu 24 hadi 48. Nyingine zimefungwa, zitatoka mwaka ujao na mwaka wa tatu. Hii ndiyo sababu bustani ya mwaka wa kwanza huwavunja watu moyo. Wametia mboji, wamefanya kila walichoambiwa, na kabichi zinabaki ngumi. Kwa hesabu hii hakuna la kushangaza.

Dawa ya pengo hilo inaota kando ya barabara, yenye maua ya njano yanayofanana na alizeti, na wengi huiita alizeti pori. Majani yake machanga, yakikaushwa, yana naitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu hata zaidi ya hapo. Kilo 10 za majani mabichi pamoja na vishina laini, zikikatwakatwa na kuchanganywa na udongo wa juu wa tuta siku saba hadi kumi kabla ya kupandikiza miche, huleta gramu 50 hadi 70, na sehemu kubwa huachiwa ndani ya wiki chache. Tughutu nao unafanya kazi hiyo hiyo. Hapo mboji inakuwa akiba ya benki na majani mabichi yanakuwa fedha ya mkononi. Usiyazike na kupanda siku hiyo hiyo, kwa maana yanapooza kwa kasi hutoa joto na hewa inayounguza mizizi michanga.

Na pengine kabichi isiwe chaguo la kwanza. Tumezoea kabichi, karoti na viazi mviringo kwa sababu ndivyo vinavyopakiwa kwenye malori kwenda Tanga na Dar es Salaam. Ni mazao ya mabonde yenye maji na mbolea ya dukani. Kabichi inachukua kila kitu kwa pupa katika miezi mitatu, kisha inakatwa na kuondoka. Bustani ya nyumbani inalipwa zaidi na mboga inayochumwa jani kwa jani, inayokwenda kwa mwendo wa mboji yenyewe. Sukuma wiki itachumwa miezi sita na zaidi. Mnavu, ukiukata juu, unachipua pembeni. Mchicha utakuwa tayari baada ya wiki nne au tano na unaweza kupandwa kwa awamu. Ongeza maboga kwenye ukingo wa lundo, uchume majani huku ukingoja tunda. Karoti nazo zinaota vizuri katika baridi ya Lushoto, lakini usizipande kwenye tuta lililowekwa mboji ambayo haijaiva, maana zitagawanyika miguu miwili mitatu kila zinapogonga kijiti.

Lundo lenyewe lina masharti yake mlimani. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku ni baridi ya kuvaa sweta. Lundo dogo kwenye baridi hiyo halipati joto. Linaoza, ndiyo, lakini polepole na kwa ubaridi, na mbegu za magugu zinabaki hai. Vijidudu vinatoa joto, ila lundo lisipokuwa na unene wa mita moja kila upande joto linatoroka kabla halijafika nyuzi 55, ambazo zikidumu siku kadhaa ndizo zinazoua mbegu nyingi na vimelea vingi. Huko chini Mombo unaweza kuwa na mboji baada ya miezi miwili. Lushoto panga miezi mitatu hadi minne. Kama nyumba moja haiwezi kujaza mita moja kwa mara moja, na mara nyingi haiwezi, basi nyumba tatu za jirani zijaze lundo moja kwa zamu, mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Mashamba tunalimiana kwa kiwili, sioni kwa nini lundo lisichangiwe.

Kipimo cha joto hakinunuliwi. Chonga fimbo ndefu, ichomeke katikati ya lundo kwa mshazari na uiache humo. Siku ya tano ichomoe uishike sehemu iliyokuwa ndani. Ikikufanya uiachie haraka, lundo linafanya kazi. Ikiwa vuguvugu, huenda majani mabichi au samadi havikutosha. Ikitoka kavu na ina unga mweupe wa ukungu, lundo lina kiu, lipindue na kulimwagia maji. Ikitoka imelowa na inanuka kama choo, maji yamezidi na hewa haiingii. Maji nayo yapimwe kwa mkono: kamata konzi ya mboji uikaze. Matone mawili matatu yakichungulia katikati ya vidole, hapo ndipo panapotakiwa. Yakitiririka, ongeza mabua makavu.

Shimo au lundo la juu? Vitabu vingi huandika shimo, na kwa Dodoma ni sahihi. Kwa Usambara wakati wa masika shimo ni kisima. Weka lundo juu ya ardhi, juu ya matawi yaliyopishanishwa ili hewa ipite, na ulifunike kwa majani ya mgomba mvua ikizidi. Kiangazi, Juni hadi Septemba, unaweza kutumia shimo lisilozidi nusu mita. Na liwekwe upande wa juu wa bustani kila inapowezekana, kwa sababu mlima una fadhila moja: kinachochuruzika kinashuka, na debe lenye mboji likishushwa halichoshi kama linalopandishwa.

Kuna vitu visiingie. Mashina ya viazi au nyanya yaliyonyauka ghafla yakiwa bado mabichi yana mnyauko wa bakteria, na lundo la nyumbani lisilofika joto litausambaza kwenye matuta yote. Nyanya zilizotobolewa na kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, zichomwe au zifukiwe kwa kina mbali na bustani. Mizizi ya sangari na ndago ianikwe juani mpaka ife kabisa. Majani ya mkaratusi na misonobari yanaoza kwa shida, yatumie kama kuni za kuwashia moto. Mabaki ya mboga zilizopulizwa dawa wiki hiyo hiyo yasiliwe na ng'ombe wala yasiingie kwenye mboji.

Yanayoingia na hayatafutwi na mtu ni yale ya sokoni. Ukipita Lukozi siku ya soko utaona wapakiaji wakichambua kabichi kabla ya kuzipanga kwenye lori. Majani ya nje yanatupwa chini, yanakanyagwa, jioni yamekuwa tope la kijani. Hayo ndiyo majani yenye naitrojeni nyingi kuliko mabua yote ya kijiji, na yako bure kwa mwenye gunia. Kinachopanda lori hakirudi. Kinashuka Mombo, kinafika Kariakoo, maganda yake yanaishia kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi. Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, na huo ni mwanzo mzuri kwa wakulima wa pembezoni mwa jiji, lakini hakuna atakayepandisha mboji ya Dar es Salaam mpaka Lukozi. Mlima utauza rutuba yake kwa tani na kubaki na ile itakayookotwa kabla lori halijawashwa.

Tufike kwenye tuta. Neno hilo lina historia chungu huku. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mradi wa Mlalo wa kuokoa udongo, ukapanuliwa baadaye kwenye milima yote, na moja ya masharti yake lilikuwa kulima matuta yaliyofungwa kwa mafundo kwenye miteremko. Asiyelima alitozwa faini. Kazi hiyo nzito ililemea kaya, wanawake zaidi, na wakulima walisema wazi kwamba haiendani na mashamba yao. Upinzani ukaungana na siasa za TANU na mradi ukafa kabla ya Uhuru. Lililokuwa na kosa zaidi, kwa maoni yangu, ni ukubwa wake na amri yake.

Tuta la mboga ni dogo na liko mlangoni, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine kabisa. Lilaze kukata mteremko, kamwe lisifuate maji yanakoelekea. Fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A, uzi na jiwe, inatosha kupata mstari wa usawa. Upana uwe mita moja hadi moja na robo ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Chimba sentimita 30, lakini udongo mweusi wa juu uweke upande mmoja na mwekundu wa chini upande mwingine, usije ukaugeuza mwekundu ukawa juu, maana ndio wenye tindikali kali. Uutikise tu kwa uma au jembe, rudisha mweusi juu, kisha changanya mboji kwenye sentimita 10 hadi 15 za juu. Mizizi mingi ya mboga inakula hapo. Kuizika mboji chini kabisa ni kuificha. Tandaza majani makavu juu, na ukingo wa chini panda safu ya gwatemala au mchaichai ushike udongo. Mchaichai utakunywa.

Kalenda inaanzia Juni. Mavuno ya masika yametoka, mabua yapo, na kazi shambani imepungua kidogo. Lundo lililopangwa mwishoni mwa Juni na kupinduliwa mara mbili litaiva Oktoba, vuli inapoingia. La pili lipangwe Desemba kwa ajili ya masika.

Kabla ya kulimwaga lundo bustanini lijaribu. Mboji isiyoiva hula naitrojeni badala ya kuitoa, na rangi nyeusi haitoshi kuwa ushahidi. Jaza kopo la mboji na jingine la udongo wa kawaida, panda mbegu ishirini za figili kila kopo, mwagilia na uweke barazani. Ndani ya siku tano hivi mbegu zinatakiwa ziwe zimechipua sawasawa kote kuwili. Zikisita kwenye mboji, au zikitoka zikiwa za njano, lirudishie lundo majani ya mgomba, liache wiki mbili nyingine, kisha panda figili tena.